Tumeziba Ufa kwa Rangi

Mwaka huu nilikwenda mazoezi ya kufundisha, au TP kama tunavyoita, katika shule moja ya sekondari mkoani Kagera. Siitaji jina. Haina kosa kuliko shule nyingine, na nyinyi mliokwenda TP mtaikumbuka ya kwenu nikishaieleza hii.

Wiki ya tatu nikawa na kipindi cha jiografia, Kidato cha Tatu, mada ya nguvu za ndani ya dunia. Nilikuwa nimejiandaa kweli. Nikachora ubaoni tabaka za miamba, chimbuko la tetemeko chini, kitovu juu yake, mawimbi yakisambaa kama maji yaliyotupiwa jiwe. Nikafundisha kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka. Mwishoni nikaandika athari za tetemeko, pointi tano: vifo, majeruhi, kuharibika kwa majengo, na kadhalika. Wanafunzi wakaandika kimya kimya. Nikauliza kama kuna swali.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili: "Madamu, samahani. Na ule ufa hapo? Likija jingine, sisi tunatokea wapi?"

Darasa likacheka. Mimi nikageuka. Kweli, ulikuwepo. Ulianzia kona ya juu ya dirisha, ukashuka mshazari hadi chini ya ubao niliokuwa nimechorea tetemeko langu. Ulikuwa umezibwa kwa saruji na kupakwa rangi, lakini rangi nayo ilishapasuka, ikifuata njia ileile. Wiki tatu nzima nilikuwa nimesimama mbele yake sijauona.

Nikajibu: "Swali zuri, tutalijadili kipindi kijacho." Sote tunajua maana ya jibu hilo. Ni kwamba mwalimu hajui.

Saa ya mapumziko nikaenda ofisini kwa mkuu wa shule.

"Shikamoo Mkuu."

"Marahaba mwalimu, karibu. Vipi, wanakusumbua?"

Nikamweleza. Akatabasamu kidogo. "Huo upo tangu tetemeko la 2016. Ulishazibwa, tukapaka na rangi. Kwani umefunguka tena?" Halafu akanyamaza, akasema jambo ambalo sijalisahau: "Mwalimu, mimi nikiandika barua ya ufa, wenzangu wanaandika barua ya vyoo. Unadhani ipi itasomwa kwanza?"

Sikuwa na jibu la hilo pia. Ndiyo maana naandika.

Wanachuo wenzangu, mimi ni mtoto wa Songambele, Kyerwa. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 nilikuwa na miaka 13, na tulikuwa tumemaliza mtihani wa darasa la saba siku chache tu nyuma. Saa tisa na dakika 27 alasiri nilikuwa uani kwa bibi, nageuza kahawa juu ya turubai. Kwanza ilikuja sauti, kama lori lenye mzigo linapanda mlima. Nikageuka kuangalia barabarani, hakuna lori. Halafu mabati yakaanza kulia, kuku wakatawanyika, na ardhi ikafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia kuwa ardhi inaweza kukifanya. Bibi akatoka akiwa ameshika mwiko.

Likapita. Nyumba ya bibi, ya miti na udongo, ilidondosha vipande vya udongo na ikabaki imesimama. Nyumba ya baba mdogo, ya tofali za kuchoma, ambayo ukoo mzima uliionea fahari, ilipata nyufa mbili kwenye pembe. Bibi aliizunguka ile nyumba polepole, akasema, "Hii nzuri ndiyo imeumia." Nikadhani ni maneno ya kizee tu. Leo naona alikuwa ameanza mhadhara ambao mimi nimekuja kuumalizia chuoni.

Na sisi Kyerwa tulipata mabaki. Kitovu kilikuwa karibu na Nsunga, wilayani Missenyi. Ukubwa ulikuwa 5.9, kina kama kilometa 40, na mtikisiko ulisikika hadi Uganda, Rwanda na Kenya. Walioumia zaidi ni watu wa Bukoba mjini na vijiji vinavyouzunguka mji. Watu 17 walifariki upande wa Tanzania, mamia wakajeruhiwa, nyumba zaidi ya 2,000 zikaanguka na maelfu mengine zikabaki na nyufa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Shangazi yangu alikuwa anaishi Hamugembe. Yeye na watoto walilala nje chini ya turubai wiki kadhaa, na mnajua mvua za Bukoba zikianza hazina adabu.

Sasa hapa ndipo hoja yangu inapoanzia. Tetemeko la 5.9 ni la kati tu. Mwaka 1910 eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, moja ya makubwa kabisa kurekodiwa Afrika. Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilipiga 6.8. Huku kwetu magharibi tunaishi jirani na mkono wa Bonde la Ufa unaoshuka kutoka Uganda, unapita Ziwa Albert, Kivu, Tanganyika hadi Nyasa. Ardhi inaendelea kutanuka pale, taratibu mno, na kila baada ya muda inajinyoosha. Hilo kweli ni la asili. Ila ukuta kumwangukia mtu si la asili. Ukuta umejengwa na mtu.

Linganisha mwaka 2010 peke yake. Januari, Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0, wakafa zaidi ya watu 100,000. Februari, Chile ikapigwa na la 8.8, ambalo nguvu yake ni kama mara 500 ya lile la Haiti, na waliokufa walikuwa mia tano na kitu. Zipo sababu nyingi, pamoja na umbali wa kitovu na miji mikubwa, lakini kubwa ni hii: Chile walishaumia mara nyingi, wakaweka kanuni za ujenzi na wakazisimamia. Haiti majengo yalikuwa mazito na hayana kinachoyafunga.

Kinachoyafunga ni nini? Hapa sihitaji kuwa injinia, muulize fundi yeyote mwaminifu wa mtaani. Ukuta wa tofali ni mzuri sana kwa kubeba mzigo kutoka juu. Upange mpaka kwenye bati, hautalalamika. Lakini tetemeko halisukumi kutoka juu, linasukuma kutoka ubavuni, kulia kushoto, kulia kushoto. Tofali zilizoshikwa na tope, au na saruji ya kubania, haziwezi kuvutwa. Zinaachana. Nyufa zinaanzia kwenye kona za madirisha na milango kwa sababu hapo ukuta umeshakatwa tayari. Kuta za pembetatu zinazoshika paa zinaanguka mapema kwa sababu juu hazijafungwa na chochote. Dawa yake ni lenta ya zege yenye nondo inayozunguka nyumba nzima, si vipande juu ya milango tu. Inafanya kazi ya ile kamba unayofungia mzigo wa kuni: kuni ni zilezile, lakini zimeshikana, mzigo unatikisika mzima mzima.

Sasa rudi kwa bibi. Miti na udongo ni nyepesi na inapinda. Hata msonge wa wazee wetu, wa fito na nyasi, ukikuangukia utatoka umejaa vumbi tu. Sisemi turudi kwenye msonge, hakuna anayetaka. Nasema tulipopata hela ya kahawa tukahamia kwenye tofali, tulichukua uzito wa tofali tukaacha nondo zake. Tukajenga nyumba nzito kuliko ya bibi, isiyopinda kama ya bibi, wala kufungwa kama ya Chile.

Jambo la pili ni ardhi. Anayeijua Bukoba anajua mji ulivyokaa: upande mmoja ziwa, upande wa pili vilima vya mawe, katikati mto Kanoni na mabonde yenye udongo laini. Mtikisiko ukipita kwenye mwamba unapita haraka. Ukiingia kwenye udongo laini wenye maji, mwendo wake unapungua lakini mtikisiko unaongezeka, kama uji kwenye bakuli ukiligonga. Mwaka 1985 jiji la Mexico liliharibiwa vibaya na tetemeko ambalo kitovu chake kilikuwa zaidi ya kilometa 300 kutoka mjini, kwa sababu sehemu kubwa ya jiji imejengwa juu ya ziwa lililokauka. Kwa hiyo ukiona nyumba mbili zinazofanana, moja imelala na nyingine imesimama, usikimbilie kusema mwenye iliyosimama ana bahati au anasali sana. Uliza kwanza iko juu ya nini na imefungwa na nini.

Baada ya tetemeko, Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa serikali ya Uingereza, na ukiiona leo unafurahi. Kwa nyumba za watu binafsi hali ilikuwa tofauti. Januari 2017 Rais Magufuli alikuja Bukoba na kueleza wazi kwamba serikali itarejesha miundombinu ya umma, ila haitamjengea kila mtu nyumba yake. Unaweza kukubaliana naye au kutokubali, tumeshabishana sana kuhusu hilo hosteli. Matokeo yake ni kwamba maelfu ya nyufa ziliachwa mikononi mwa mwenye nyumba, fundi wa jirani na kilichokuwepo mfukoni. Mfukoni palikuwa na hela ya lipu. Hata shule nyingi ambazo hazikuanguka, bali zilichanika tu, zimepata dawa hiyohiyo: saruji kidogo, rangi, maisha yakaendelea. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeziba ufa kwa rangi. Ukuta haujapona, tumeunyamazisha tu.

Na tukumbuke kitu kimoja kinachonitisha kuliko takwimu zote. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Kwa shule nyingi za kutwa madarasa yalikuwa matupu. Lingekuja Jumatatu saa nne asubuhi, watoto hamsini, sitini, kila chumba, leo tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa. Hatukuokolewa na lenta, tuliokolewa na ratiba. Ratiba haiwezi kutuokoa kila mara.

Najua mtakayosema, nimeshayasikia.

Kwanza, kwamba matetemeko makubwa ni nadra na shule zina shida za kila siku. Hii ni hoja ya mkuu wangu wa shule na siidharau. Choo kinahitajika leo, kesho na keshokutwa. Lakini mengi ninayodai hapa hayagombanii hela na choo. Kuweka mlango wa pili wazi hakugharimu kitu. Kuhamisha kabati zito lililoegemea ukuta wa mlangoni hakugharimu kitu. Na pale hela inapopatikana ya kujenga darasa jipya, lenta inayozunguka ni sehemu ndogo ya gharama, na ni rahisi mno kuiweka wakati wa kujenga kuliko baadaye.

Pili, kwamba sisi ni walimu, si mainjinia. Sawa. Lakini nesi si daktari na bado anapima joto. Mwalimu ndiye mtu mzima pekee anayekaa ndani ya kile chumba saa zote. Injinia wa halmashauri ana shule nyingi na gari moja, kama lina mafuta. Asipoambiwa na mwalimu wapi pa kuanzia, ataambiwa na ukuta.

Tatu, kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mimi ni muumini na siwezi kubishana na Mungu kuhusu Bonde la Ufa. Ila sijasoma popote kwamba Mungu ndiye aliyetoa nondo kwenye lenta.

Sasa tufanye nini? Nina mambo matatu, na yote yanatuhusu sisi tuliopo hapa chuoni.

La kwanza: kabla ya kwenda TP tunapewa semina. Tunafundishwa azimio la kazi, andalio la somo, nidhamu, hata mavazi. Hakuna saa moja ya kufundishwa kusoma jengo. Naomba saa moja tu. Mwalimu atoke anajua kwamba ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu mara nyingi ni wa lipu tu, lakini ufa unaoonekana ndani na nje, unaoshuka kama ngazi kwenye maungio ya tofali au mshazari kutoka kona ya dirisha, huo ni wa ukuta na unahitaji mtaalamu. Ajue pia njia rahisi ya kupima kama ufa unakua: chukua penseli, weka alama pale unapoishia, andika tarehe pembeni. Rudi baada ya mwezi. Kama ufa umevuka alama, hiyo si hisia tena, ni ushahidi wa kupeleka kwa mkuu wa shule na kwa Afisa Elimu Kata.

La pili: kila mwanachuo wa TP aandike ukurasa mmoja kuhusu chumba alichofundishia. Milango mingapi, inafunguka kuelekea wapi, nyufa ziko wapi, uwanja wa kukimbilia uko wapi. Nakala ibaki shuleni na nyingine iende halmashauri. Tunakwenda mamia kwa mamia, kila mwaka, hadi shule za pembezoni ambako wataalamu hawafiki. Ndani ya miaka michache tungekuwa na picha ambayo hela nyingi zisingeweza kuinunua. Tayari tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, yenye kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini. Kamati haiwezi kufanyia kazi kitu ambacho hakuna aliyekiandika.

La tatu linaihusu serikali yetu ya wanafunzi. Tuanze na sisi wenyewe. Kuna ukumbi hapa tunakaa mamia, una milango miwili, na mmoja umefungwa kwa kufuli tangu niko mwaka wa kwanza. Mnaujua. Naomba kufuli hilo litoke, na kila muhula tufanye zoezi moja la dharura. Itatusaidia hata kwa moto, ambao unakuja mara nyingi kuliko tetemeko.

Kuhusu zoezi, niwaambie nilichojifunza. Kile "kipindi kijacho" nilichoahidi nilikitimiza. Nilipata ruhusa ya mkuu, nikaomba na ushauri wa mwalimu mwenzangu wa zamu. Mara ya kwanza nilipogonga meza, wote walikimbilia mlango mmoja, wakabanana, kiatu cha mtu kikabaki ndani. Ilichukua karibu dakika mbili. Mtikisiko wenyewe kwa kawaida unakwisha ndani ya sekunde chache, haufiki hata dakika. Yaani tungekuwa tumekufa mlangoni tukiwa tunakimbilia usalama. Tukarudia: kwanza chini ya dawati, funika kichwa, shika mguu wa dawati, subiri mtikisiko utulie. Aliye mlangoni kabisa ndiye atoke moja kwa moja, na asisimame karibu na ukuta nje. Halafu safu kwa safu kwenda uwanjani. Mara ya tatu hakuna aliyesukumwa. Na mlango wa pili, uliokuwa umezibwa na madawati mabovu, vijana waliufungua wenyewe siku hiyohiyo.

Siku yangu ya mwisho nilimpa penseli yule kijana wa nyuma. Akapanda juu ya dawati, akaweka alama mwisho wa ufa, akaandika tarehe kwa mwandiko mdogo sana, halafu akanigeukia: "Madamu, na nani atakuja kuangalia?"

Nilimwambia mwezi ujao aangalie yeye, na akimaliza shule amwachie mwenzake. Lakini swali lake halikuwa la kwake. Ni la kwetu, tutakaopangiwa shule hizo tukimaliza hapa. Mkifika, kabla hamjaandika tarehe ubaoni, angalieni kuta.